Sekunde Arobaini na Moja

Fadhila Kombo wa Dawati la Malalamiko la dalali wa hisa alikuwa na sauti ya mtu aliyefundishwa kutokasirika, na hilo lilimchoma Sekela kuliko matusi. Mtu akikutukana unajua pa kumshika.

"Agizo lako tulilipokea Jumatatu, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, sekunde ya saba," alisema Fadhila kutoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika. "Tulilitekeleza sekunde ya arobaini na nane. Hapo katikati, Bi Sekela, ulisita."

"Sikusita."

"Pete yako inasema ulisita."

"Pete yangu haijui hata kama nimekula. Nilisema uza. Kazi yenu ilikuwa kuuza."

Fadhila akasoma taarifa bila haraka. Hisa elfu arobaini za Mvuke wa Kusini, kampuni inayochimba joto la ardhini. Bei wakati wa agizo, shilingi elfu moja mia moja na themanini. Mara tu baada ya agizo, mapigo ya moyo ya mteja yalipanda kutoka sabini na nne hadi mia moja ishirini na moja. Kiganja kikatoa jasho. Mfumo ukamwuliza kama ana uhakika, mteja akanyamaza. Kiwango cha shaka kikafika themanini na tatu kwa mia, na agizo likazuiwa. Sekunde ishirini baadaye ikatoka habari kwamba kisima namba tatu cha kampuni kimepasuka, na kila mwenye hisa hizo akaanza kuuza. Mteja aliposema "ndiyo", bei ilikuwa mia tisa na tano.

Tofauti yake ni milioni kumi na moja. Sekela hakuhitaji kusomewa hiyo. Alikuwa ameipiga hesabu mara nyingi tangu Jumatatu, na kila mara ilimpa jibu lilelile.

Kisheria, dalali alikuwa na pa kusimama. Miaka kumi na mbili nyuma, uvumi mmoja wa uongo ulifanya watu wauze akiba za maisha yao mchana mmoja, na jioni yake hospitali zikajaa. Ndipo ikaja Kanuni ya Kusita. Dalali yeyote wa hisa anatakiwa kuusikiliza mwili wa mteja kabla ya kuutii mdomo wake. Pete hupima mapigo, joto na jasho, na kinasa cha nyumbani hupima sauti. Mwili ukionyesha shaka ya zaidi ya sabini kwa mia, agizo husubiri hadi mteja athibitishe. Sekela mwenyewe aliiunga mkono kanuni hiyo wakati ule. Dada yake mdogo angekuwa na nyumba leo kama ingekuja mwaka mmoja mapema.

"Na mwisho ulijibu ndiyo," Fadhila aliongeza.

"Nilijibu swali la bei ya mwanzo. Ukiniuliza kama nakuuzia kuku kwa elfu thelathini, nikaenda kufunga mlango wa jikoni kwanza, nikirudi nikasema ndiyo, utanipa elfu ishirini?"

Fadhila alikaribia kucheka, akajizuia. "Basi nisaidie nikusaidie. Kwa nini ulinyamaza?"

"Baba mkwe aliingia."

"Halafu?"

"Halafu nini? Aliingia."

Ikabidi aeleze, na kila alivyoeleza ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kuonekana dogo. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana haonani na baba mkwe. Halitaji jina lake, hasemi mbele yake, hamtazami usoni. Akimwona njiani anapisha, akimsikia anakuja anaondoka. Wengi mjini Mbeya walikuwa wameliacha jambo hilo, na wachungaji walishalisema hadi wakachoka. Lakini Sekela aliolewa katika nyumba ya mzee aliyelishika, naye akalishika pamoja naye kwa miaka ishirini na miwili, mwanzoni kwa woga na baadaye kwa heshima. Mzee aliishi nyumba ya nyuma, kwenye kiwanja hicho hicho cha Isyesye. Akitaka kupita mbele, alikohoa mara tatu uani, Sekela akajiondokea.

Jumatatu hakukohoa. Mlango ulifunguka Sekela akiwa ametoka tu kutamka agizo. Alijitupa nyuma ya kochi, akajifunika kanga kichwani, akapiga magoti, moyo ukimdunda masikioni. Kinasa kikamwuliza kwa upole kama ana uhakika. Angejibu vipi?

Fadhila alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa masikitiko ambayo huenda yalikuwa ya kweli kwamba orodha ya dharura zinazokubalika ilikuwa na mambo kumi na moja. Mtoto kuanguka kumo. Moto umo. Nyoka kuingia ndani yumo. Baba mkwe hayumo.

"Nyoka ningemwua huku naongea," Sekela alisema.

Njia zilikuwa mbili. Akubali laki tisa za kumfuta machozi na atie saini kwamba hana dai. Ama shauri liende Baraza la Usuluhishi, Alhamisi saa sita mchana, na hapo alete ushahidi. Ushahidi wenyewe ulikuwepo, kwani kinasa cha nyumbani kilikuwa kimehifadhi kila kitu chini ya lakiri. Mwenye nyumba peke yake ndiye angeweza kuifungua.

"Ifungue, Bi Sekela," Fadhila alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Kama ni kweli ulivyosema, ukifungua tu unashinda."

Sekela akakata simu bila kuaga. Alijua kilichokuwa ndani ya zile sekunde arobaini na moja.

*

Chumba chake cha miche kilikuwa Uyole, ghorofa ya chini ya jengo la zamani lenye kuta nene. Alisomea stashahada ya maabara, akafanya kazi za watu miaka tisa, kisha akafungua yake. Ndani mlikuwa na rafu hadi darini, na katika kila rafu chupa za kioo, na katika kila chupa mche wa mgomba mdogo kuliko kiberiti, umekaa juu ya uji mzito wa chakula chake. Chupa elfu kumi na nne. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umekula migomba ya Rungwe nzima, na wakulima walikuwa wameshaandikisha miche hiyo kabla haijatoa jani la tatu.

Mwenye jengo alikuwa anauza. Sekela alipewa haki ya kununua wa kwanza, kwa milioni arobaini na tano, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Kwa bei ya saa nne na dakika kumi na mbili angekuwa na arobaini na saba. Sasa alikuwa na thelathini na sita. Benki mbili zilikuwa zimeshamjibu, na majibu yao yalikuwa mafupi. Baada ya Ijumaa jengo lingekuwa la mtu wa matairi. Miche ya namna hiyo haihamishwi kama viazi. Vumbi kidogo likiingia, chupa inaota ukungu, na ukungu wa chupa moja unatembea.

Alivaa koti jeupe, akanawa mikono kwa spiriti, akaketi kwenye kona yake. Wanawake wanne waliofanya kazi naye walikuwa wameinamisha vichwa, visu vyembamba mkononi, wakigawanya vichipukizi. Mama Gwamaka, mkubwa wao, alimtupia jicho moja tu, akarudi kwenye kisu chake.

Mwenye nyumba anaruhusiwa kusikiliza rekodi yake bila kuvunja lakiri. Sekela akaweka kisikilizio sikioni.

Sauti yake mwenyewe ilikuja kwanza, kavu, ya mtu mwenye haraka: uza hisa zangu zote za Mvuke wa Kusini kwa bei ya sasa hivi. Mlango. Kishindo cha magoti yake. Swali la kinasa. Halafu hatua za mzee, zikisimama katikati ya sebule.

"Tusajigwe," alisema mzee. "Ufunguo wa lori umeuweka wapi?"

Kimya.

"Nachelewa Kyela, mama. Wameshapakia. Tusajigwe?"

Lori liliuzwa kabla Sekela hajaolewa. Tusajigwe, mama mkwe wake, alikuwa na miaka tisa kaburini. Kwenye rekodi mzee alisikika akifungua droo, akifunga, akifungua tena. Kisha akaanza kulia kidogo kidogo, kilio cha mtu asiyejua kwa nini analia, na hatua zikarudi zilikotoka.

"Ndiyo," ilisema sauti ya Sekela, ikitetemeka. "Ndiyo, uza."

Alitoa kisikilizio sikioni.

Rekodi ikifunguliwa mbele ya Baraza, haiishii kwenye Baraza. Kila shauri la hadhara limeunganishwa na Daftari la Uwezo, na Daftari husikiliza sauti ya kila mtu aliyevuka miaka sabini. Maneno matatu yanalitosha. Linapima mapengo kati ya maneno, jinsi majina yanavyotafutwa, na mambo mengine ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kisha linaandika alama ya akili yake. Alama ikiwa chini, saini ya mtu huyo inahamia kwa mlezi wa serikali, ambaye ni programu. Ardhi yake, fedha zake, hata lango lake la uani, vyote vinaanza kuomba ruhusa kwa mlezi. Hakuna rufaa kwa miaka miwili. Vitu viwili tu Daftari halikuviweza. Mtu aliyenyamaza halikumpima, na sauti mbili zilizopandana lilizitupa.

Nayo sheria hiyo haikuwa ya kijinga. Ilitungwa kwa sababu watoto walikuwa wanawasainisha wazazi wao mashamba huku wakiwashika mkono. Sekela alilijua hilo pia, na halikumsaidia.

*

Bupe, dada wa mume wake, ndiye aliyekaa na mzee nyumba ya nyuma. Alimpokea kwenye ngazi ya jikoni, na kabla Sekela hajamaliza sentensi ya pili akajua habari ni ipi.

Alikuwa anajua kwa miezi minane. Alizima gesi kila alipotoka, alificha viatu vya safari, alimjibu mzee kwa jina la mama alipoitwa hivyo. Hakumwambia mtu, hata Lugano, mume wa Sekela, aliyekuwa kwenye mitambo ya upepo Makambako na kurudi kila baada ya miezi miwili. Lugano angelia kwenye simu, Bupe alisema, na kulia kwake kungesikika hadi kwenye hilo Daftari.

Sekela akamweleza yote, jengo, Ijumaa, lakiri. Bupe alisikiliza huku akichambua mchele, na mikono yake haikusimama.

"Kwa hiyo wifi umekuja kuomba ruhusa ya kumwuza baba."

"Nimekuja kukwambia kabla sijaamua. Ningetaka kumwuza nisingepita kwako."

"Miche ya ndizi inaota popote. Baba haoti."

"Kuna wanawake wanne wanakula kwenye hiyo miche, Bupe. Na mimi wa tano. Usinifanye kama nataka kununua gari."

Wote wawili walikuwa wepesi wa ulimi, na kwa miaka ishirini na miwili walikuwa wamejifunza mahali pa kuacha.

Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao. Nyuma yake mtu alikohoa mara tatu.

Sekela alijifunika kanga na kunyanyuka aondoke, lakini sauti ya mzee ikaja kupitia mbao, imetulia, sauti ya mtu aliyeamka vizuri.

"Bupe. Mwambie huyo mama asiondoke. Akae hapo alipo, na mimi nitakaa hapa nilipo."

"Anasema usiondoke," alisema Bupe, ingawa ukuta haukuwa umezuia hata neno moja.

"Mwambie nimesikia. Mwambie kichwa ni changu, na nalijua jambo hili kuliko nyinyi. Asubuhi nyingine naamka nikiwa mimi, asubuhi nyingine naamka niko barabarani na lori. Mwambie afungue hiyo kitu. Fedha yake ni fedha yake."

"Anasema ufungue."

Kilichokuwa kizito kikawa chepesi ghafla, na Sekela akaogopa wepesi huo. Ruhusa ameipata, kwa mdomo wa mwenyewe, akili ikiwa wazi. Lakini kesho? Kama kesho mzee ataamka yuko barabarani, na mtu akamwambia jana ulisema tukunyang'anye saini yako, atamjua mtu aliyesema hivyo? Dalali alichukua neno la Sekela, akalipima kwa mwili wake, akaamua lipi ni Sekela wa kweli. Na yeye sasa ampime mzee, achague siku inayomfaa?

"Mwambie siwezi," alimwambia Bupe kwa kunong'ona, ingawa hata kunong'ona hakukuruhusiwa. "Mwambie nina njia nyingine. Hatasema neno hata moja. Atatembea tu."

Mpango ulikuwa mfupi. Baraza lingekaa kwa njia ya picha kwenye kioo, na kila mtu anaruhusiwa kuwa nyumbani kwake. Sekela angekuwa sebuleni, pete kidoleni, vipimo vyake vikionekana kwa wote. Bupe angemleta mzee, naye angeingia, angesimama, angetoka. Asiyesema hapimwi. Baraza lingeona kwa macho yao kinachompata mwanamke huyu mzee huyu akiingia, na kama kile ni shaka au ni kitu kingine, wataamua wenyewe.

Bupe alisema huo ni wazimu. Lakini nyuma ya ukuta mzee alikuwa anacheka, kicheko kikavu cha dereva.

"Mwambie nimebeba saruji, nimebeba mbolea, nimebeba ng'ombe. Kubeba miguu yangu hadi sebuleni sitashindwa."

*

Alhamisi saa sita. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Bwana Hizza, mwanamume wa makamo mwenye miwani na adabu nyingi. Fadhila Kombo aliketi upande wa pili wa kioo, mbele yake karatasi zimenyooshwa. Juu ya nyuso zao zote kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani, ukiruka na kushuka. Ulikuwa moyo wa Sekela.

Alikuwa ameulizia asubuhi. Bupe alisema baba ameamka vizuri, amekunywa uji, ameuliza siku. Saa tano na nusu Bupe alisema tena baba yuko vizuri, lakini safari hii alitazama pembeni. Sekela alikuwa na nafasi ya kusimamisha kila kitu. Alifikiria kuhusu chupa elfu kumi na nne, akasema waendelee.

Fadhila alieleza upande wa dalali kwa dakika nne, bila chuki. Sekela alieleza wake kwa dakika moja. Mapigo yake, alionyesha, yalikuwa sabini na tisa, akiwa anabishana na kampuni mbele ya watu kuhusu milioni kumi na moja. Huo ndio mwili wake ukiwa kwenye biashara. "Sasa tazameni," alisema, akagonga meza mara moja.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Hakujilazimisha. Miaka ishirini na miwili ilifanya kazi yenyewe. Magoti yalikunjika, kanga ikapanda kichwani, macho yakashuka sakafuni. Aliona nyayo za mzee zikija kwenye zulia, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi. Zikasimama hatua mbili kutoka kwake. Kutoka kwenye kioo alisikia mfumo wa Baraza ukitaja namba kwa sauti yake isiyo na jinsia: mia moja na tano. Mia moja na kumi na nane. Mia moja ishirini na sita. Kiwango cha shaka, themanini na sita.

"Bi Sekela," alisema Bwana Hizza. "Unaweza kutujibu?"

Hakuweza. Alitaka, na hakuweza, na hilo ndilo lililotakiwa. Akasikia kalamu ya Fadhila ikiacha kuandika. Akajua ameshinda. Kilichobaki ni mzee kugeuka na kutoka.

Mzee hakugeuka.

Bwana Hizza akakohoa kidogo, na kwa kuwa alilelewa vizuri, na kwa kuwa kuna mzee amesimama mbele yake na hakuna mtu aliyemsalimu, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu angekifanya.

"Shikamoo, mzee wetu."

Hakuna mzee anayeiacha salamu hiyo ichache hewani. Sekela aliiona soksi ikisogea. Aliona goti likikunjika, mkono wenye mishipa ukishuka kuelekea kanga yake, taratibu, kwa upole ambao haukukusudiwa Sekela. Juu yake mzee akavuta pumzi.

"Tusa..."

"Mwenyekiti!" Sekela alisimama wima. Kanga ilidondoka. "Mzee huyu hayumo kwenye shauri hili, hakuapishwa, hakuitwa kusema, na mimi ndiye mlalamikaji, kwa hiyo mtu wa kusikilizwa hapa ni mimi, nami nasema hivi, nasema hisa zilikuwa elfu arobaini, nasema bei ilikuwa elfu moja mia moja na themanini, nasema kisima namba tatu..."

Alisema chochote. Alitaja tarehe, alitaja majina ya miche, alirudia namba za simu. Chini ya sauti yake sauti ya mzee ilikuwa inauliza habari ya ufunguo, naye akapandisha yake juu zaidi, akaisimamisha juu ya ile nyingine kama mtu anayekalia mfuniko wa sanduku. Alikuwa anamtazama usoni. Hakuwahi kuuona uso huo kwa karibu. Ulikuwa na kovu dogo chini ya jicho, na ndevu ambazo Bupe alizisahau upande mmoja. Bupe alifika mbio, akamshika baba yake mkono, akamgeuza. Sekela hakunyamaza hadi mlango ulipofungwa.

"Sauti zimepandana," ulisema mfumo wa Baraza. "Hakuna kipimo cha uwezo kilichochukuliwa."

Mstari wa kijani uliruka, ukaruka tena, ukaanza kushuka.

"Bi Sekela," alisema Bwana Hizza polepole. "Umesema."

"Nimesema."

"Mbele ya mkwe wako. Dai lako lote limesimama juu ya kwamba mbele yake huwezi."

"Ndiyo."

Mwenyekiti alimtazama Fadhila, na Fadhila akatazama karatasi zake. Kwa muda Sekela alidhani dada yule angesema kitu. Alikuwa ameelewa, ilionekana usoni. Lakini alikuwa na mwajiri, pengine na nyumba ya kulipia kodi, na ili amtetee Sekela angelazimika kutaja alichokisikia chini ya zile kelele, na neno hilo, kwa kuwa shauri ni la hadhara, lingefika kwenye Daftari.

"Dalali anaomba kumbukumbu zionyeshe kwamba mlalamikaji alijibu," Fadhila alisema. Hakuongeza neno, na Sekela akamshukuru kwa kutoongeza.

Dai likatupwa saa sita na dakika thelathini na moja. Zile laki tisa nazo zilikuwa zimeondoka tangu aliposema anataka Baraza. Kioo kikazima, na Sekela akajiona kwenye weusi wake, kichwa wazi.

Alikwenda nyumba ya nyuma kwa miguu yake, bila kanga, na hakuna aliyekohoa. Mzee alikuwa kwenye kiti cha jikoni. Bupe alikuwa amepiga magoti akimvalisha kiatu cha pili, machozi yakimtiririka, na hakujisumbua kuyafuta. Kilichokuwa kimemjia mzee kilikuwa kimepita, au kilikuwa kimepumzika. Alimtazama Sekela moja kwa moja, kisha akamgeukia binti yake kama ilivyo desturi.

"Bupe, mwambie..." akaanza. Akaacha. Akamrudia Sekela.

"Wewe ndiye mke wa Lugano."

"Ndiyo, baba."

"Miaka yote hii," alisema mzee, "nilidhani una sauti ndogo."

Bupe alicheka na kulia kwa pamoja, kichwa kikiwa kwenye goti la baba yake. Sekela alivuta kigoda, akaketi mbele yao wote wawili, akatoa simu na kumpigia Mama Gwamaka. Alimwambia kwamba wanahama, wanunue maboksi na spiriti ya kutosha, wafunge chupa moja moja kwa karatasi, na waanze na zenye majani matatu, kwani hizo zina nafasi ya kuishi. Nyingine zitakufa, alisema, na asije mtu akapoteza muda kuzililia kabla ya kesho saa kumi.